ERA 1.82 na ERA 3.06: nani mkali? Tuache kumpima mrushaji kwa namba tupu

Mleta uzi

Wakuu, habari zenu. Uzi huu nauleta nikiwa nimeshikwa pabaya.

Juzi tulikuwa kwenye ubishi wa mrushaji bora (yule anayemtupia mpigaji mpira) wa wakati wote katika besiboli ya Marekani. Nikamtaja Ed Walsh wa Chicago White Sox, nikaegemea kiti nikijua nimefunga mjadala. ERA yake ya maisha yote ni 1.82 katika iningi 2,964, na hakuna aliyemshusha kwenye hiyo nafasi mpaka leo. Jamaa mmoja akaniuliza kitu kimoja tu: "Na wenzake wa enzi hizo walikuwa na ngapi?" Nikabaki nameza mate.

Kwa wasioifahamu, iningi ni kipindi cha mchezo, mkimbio ni pointi, na ERA ni wastani wa mikimbio anayobebeshwa mrushaji kwa kila iningi tisa, yaani mechi nzima. Mikimbio iliyotokana na makosa ya wadakaji wake haimo. Ikiwa ndogo, ndiyo safi.

Basi nikaingia kwenye namba. Walsh alicheza kuanzia 1904 hadi 1917. Hiyo ndiyo miaka ambayo mpira mmoja ulitumika hadi unalegea na kuwa mweusi kama udongo, na mrushaji alikuwa na ruhusa ya kuupaka mate ili upinde vibaya hewani. Walsh mwenyewe ndiye aliyekuwa bingwa wa mpira wa mate. Mwaka 1910 ligi nzima ya American, mojawapo ya ligi mbili kuu za huko, ilimaliza na ERA ya karibu 2.5. Nasema ligi nzima, wabovu wakiwemo.

Sasa mchukue Lefty Grove, 1925 hadi 1941. ERA yake ya maisha ni 3.06. Ukiziweka karatasini bila maelezo, Grove anaonekana mtoto kwa Walsh. Lakini Grove alikuta mpira wa mate umeshapigwa marufuku mwaka 1920. Mwaka huohuo Ray Chapman aligongwa kichwani na mpira akafariki, na baada ya hapo waamuzi wakawa wanaingiza mpira mpya mweupe kila mara ili mpigaji auone. Wapigaji wakapata sherehe. Mwaka 1930 ligi ya pili, ya National, ilipiga kwa wastani wa .303, yaani kama mapigo matatu kwa kila nafasi kumi za kupiga, timu zote kwa pamoja!

Kuna kipimo kinaitwa ERA+. Unachukua ERA ya ligi, unagawa kwa ERA ya mrushaji, unazidisha kwa 100, halafu unarekebisha kulingana na viwanja alivyochezea. Mia moja ni mtu wa kawaida wa ligi yake. Walsh ana 146, Grove ana 148.

Yaani Walsh aliruhusu pungufu ya wastani kwa asilimia 46, na Grove kwa asilimia 48. Wako sawa kabisa, na Grove kamzidi kidogo. Nimeishiwa nguvu.

Swali langu: hii ERA+ inatosha kufunga mjadala wa mtu na kazi yake yote, au kuna mitego?

Kichuguu

Mkuu, ERA za nini? Kazi ya mrushaji ni kushinda. Grove ameshinda 300 akapoteza 141. Walsh 195 kwa 126. Mjadala umekwisha, tukalale.

Mleta uzi

Usilale kwanza. Huyo Walsh mwaka 1910 aliongoza ligi kwa ERA ya 1.27 na akamaliza na ushindi 18, vipigo 20. Alipoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda katika mwaka ambao hakuna aliyerusha vizuri kuliko yeye kwa ERA. Wapigaji wake walikuwa hawafungi, sasa yeye angefanyaje?

Na si mambo ya kale tu. Nolan Ryan mwaka 1987 aliongoza ligi ya National kwa ERA ya 2.76, rekodi yake ikawa 8 kwa 16. Jacob deGrom mwaka 2018 alikuwa na ERA ya 1.70 na ushindi 10 tu. Wakampa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi, hivyohivyo, maana wapiga kura walishaamka.

Kichuguu

Steve Carlton 1972 je? Timu yake, Phillies, ilishinda mechi 59 msimu mzima, 27 ni zake. Mrushaji mkali anashinda hata na timu mbovu.

Mleta uzi

Carlton mwaka ule alikuwa na ERA ya 1.97. Hapo ushindi na ERA vimesema kitu kimoja. Mimi naongelea pale vinapogombana.

Msoma Namba

Mleta uzi, uzi mzuri, ila kuna sehemu umetuingiza chaka na siwezi kuiacha ipite.

ERA+ ya 146 SIYO pungufu ya asilimia 46. Angalia namna inavyotengenezwa: ya ligi iko juu, ya mrushaji iko chini ya mstari. Kwa hiyo ukitaka kujua aliruhusu kiasi gani kulinganisha na ligi, geuza. Mia gawanya kwa 146 ni kama 0.685. Walsh aliruhusu asilimia 68 na nusu ya mikimbio ya mtu wa kawaida, pungufu yake ni kama asilimia 31. Mwenye 125 yuko pungufu kwa asilimia 20. Mwenye 150 yuko pungufu kwa theluthi moja. Mwenye 200 ameruhusu nusu.

Kwa hesabu yako mwenye 200 angekuwa hajaruhusu mkimbio hata mmoja maishani. Na Mariano Rivera wa Yankees, ambaye ana 205, angekuwa anawanyang'anya wapinzani mikimbio waliyokwisha kufunga.

Mleta uzi

😂😂 Rivera anadai chenji. Nimekubali mkuu, nimekosea. Naliacha kosa langu pale juu ili uzi usomeke.

Msoma Namba

Usijali, hata watangazaji wanaliingia hilo kila siku. Ila ngoja nimalizie, kwa sababu kosa hilo linazaa lingine baya zaidi: watu wanachukua ERA+ za kila msimu, wanajumlisha, wanagawa kwa idadi ya misimu, wanasema hiyo ndiyo ya maisha.

Pedro Martínez mwaka 2000 alipata 291. Tuseme, kwa mfano tu, mwaka unaofuata mtu huyo anarusha iningi zilezile, katika ligi ileile, akiwa wa kawaida kabisa, 100. Wastani wa 291 na 100 ni 195 na ushee. Lakini hesabu mikimbio yenyewe. Mwaka wa kwanza karuhusu asilimia 34 ya ligi, wa pili asilimia 100. Kati yake ni asilimia 67. Geuza, unapata kama 149. Kutoka 195 hadi 149! Mwaka mmoja wa ajabu unavuta ule wastani kama sumaku, kwa sababu namba ikishapanda juu inakimbia kwa hatua ndefu. Siku zote rudi kwenye mikimbio na iningi. ERA+ ipige mwishoni, mara moja.

Straiki Tatu

Nipo siti ya mbele. Kwa kuwa Pedro ametajwa, nawawekea mlinganisho ninaoupenda kuliko yote.

Bob Gibson, St. Louis, 1968: ERA 1.12. Pedro Martínez, Boston, 2000: ERA 1.74. Ukimuuliza mtu yeyote barabarani atasema Gibson.

Sasa angalia majirani zao. Mwaka 1968 ligi ya National ilikuwa na ERA ya 2.99. Warushaji saba katika ligi zote mbili walimaliza chini ya 2.00. Luis Tiant kule American alikuwa na 1.60. Aliyeongoza American kwa kupiga, Carl Yastrzemski, alikuwa na .301 tu. Hali ilikuwa mbaya kwa wapigaji kiasi kwamba msimu uliofuata kichuguu cha mrushaji (tuta analosimama akirusha) kilishushwa kutoka inchi 15 hadi inchi 10, na eneo la straiki (nafasi ambayo mpira ukipita unahesabiwa hata mpigaji asipoupiga) likapunguzwa. Gibson alikuwa mrefu kuliko wote, lakini alisimama katikati ya warefu.

Mwaka 2000 ligi ya American ilikuwa na ERA ya karibu 4.9. Unajua aliyeshika nafasi ya pili nyuma ya Pedro? Roger Clemens, 3.70. Pedro 1.74, wa pili 3.70! Katikati hapo hakuna mtu, ni jangwa. Tena aliwatoa wapigaji 284 kwa straiki (ukifikisha tatu unatoka) na kuwapa besi za bure, yaani kuwaachia kwenda kituo cha kwanza bila kupiga, 32 tu katika iningi 217.

ERA+ zao: Gibson 258, Pedro 291.

Na hapo utaona kazi ya uwanja. Ukigawa tupu bila marekebisho, Gibson anapata kama 267 na Pedro kama 282. Uwanja wa St. Louis ulimsaidia mrushaji kidogo, ndiyo maana Gibson anashushwa. Fenway Park ya Boston ilikuwa ikimpa mpigaji, Pedro anapandishwa.

Kichuguu

Huyo Pedro hapo sina la kusema. Hiyo 3.70 ya wa pili imenikata.

Fundi wa Jedwali

Wakuu, mimi ni mtu wa jedwali la kompyuta. Swali la mleta uzi lilikuwa kazi ya mtu YOTE, si msimu mmoja, na huko ndiko watu wanakoharibu. Nimchukue Sandy Koufax, maana amegawanyika vipande vinavyoonekana kwa macho.

1955 hadi 1960: iningi 691 na theluthi mbili, ERA 4.10.
1961: iningi 255 na theluthi mbili, ERA 3.52.
1962 hadi 1966: iningi 1,377, ERA 1.95.

Mtu mvivu anasema: misimu 12, sita ya kwanza naihesabu kwa 4.10, mmoja 3.52, mitano 1.95, najumlisha nagawa kwa 12. Anapata kama 3.16. ERA halisi ya Koufax ni 2.76. Tofauti ya 0.40 ni kubwa mno, hiyo inamtoa mtu kwenye meza ya wakubwa. Imetokea wapi? Kijana Koufax alikuwa akirusha iningi chache, Koufax mkubwa alikula zaidi ya 300 katika misimu mitatu kati ya mitano ya mwisho. Misimu haina uzito sawa.

Na sheria hiyohiyo inaihusu ligi. ERA ya ligi utakayomlinganisha nayo lazima ipewe uzito kwa iningi ALIZORUSHA YEYE mwaka huo. Msimu aliorusha iningi 40 usiupe sauti sawa na ule wa iningi 335. Nimeona watu wanachukua wastani wa ligi kuanzia mwaka wake wa kwanza hadi wa mwisho, wanagawa, wanatoka kifua mbele. Akiwa alirusha zaidi katika miaka ya mikimbio mingi, umemdhulumu. Kinyume chake, umempendelea.

Kitu kingine, kidogo ila kimenipotezea muda. Kwenye vitabu vya takwimu utaona iningi zimeandikwa 691.2. Hiyo .2 si sehemu ya kumi. Ni theluthi mbili, maana iningi moja ina wachezaji watatu wa kutolewa. Ukiibwaga kwenye jedwali jinsi ilivyo, kompyuta inasoma 691 na sehemu mbili za kumi. Kwa msimu mmoja huoni kitu. Nilipojumlisha misimu 20 ya mtu mmoja, jumla ikakataa kulingana na ya kitabu, nikamaliza karibu saa mbili natafuta msimu niliounukuu vibaya. Sikuwa nimekosea msimu hata mmoja. Ilikuwa ni hiyo nukta.

Mleta uzi

Hiyo ya nukta imenigusa. Jedwali langu nadhani linayo pia, ngoja nikaangalie.

Straiki Tatu

Kwa Koufax usisahau kipande kingine. Dodger Stadium ilifunguliwa 1962, mwaka uleule alioanza kuongoza ligi kwa ERA, na aliongoza miaka mitano mfululizo. Ndani ya uwanja huo ERA yake ni 1.37. Ulikuwa uwanja wa warushaji. Ndiyo maana pamoja na 2.76 yake ERA+ ni 131, na Kevin Brown mwenye ERA ya 3.28 ana 127. Nikisema hivi watu wanataka kunipiga.

Kichuguu

Na wakupige tu. Kevin Brown na Koufax katika sentensi moja!

Straiki Tatu

Sijasema Brown ni Koufax. Koufax aliacha akiwa na miaka 30 kwa ajili ya kiwiko, na ile mitano ya mwisho ni kipande cha ajabu. Nimesema 0.52 inayowatenganisha kwenye ERA, nyingi ni ya miaka na uwanja. Hayo ni mambo mawili.

Mpenda Ryan

Naona mnazunguka tu kwenye ERA. Nolan Ryan ana straiki tatu 5,714. Hakuna atakayemfikia. Michezo saba bila kuruhusu pigo hata moja. Mtu kama huyo ERA+ yake mnaambiwa ni 112 na mnaamini? Kipimo kimekufa hicho.

Msoma Namba

Ndugu yangu, kipimo kiko hai, ila kimeona na kile usichotaka kukiangalia. Ryan alitoa besi za bure 2,795. Hiyo nayo ni rekodi. Katika iningi 5,386 ni kama 4.7 kwa kila iningi tisa. Mtu hapigi, sawa, lakini tayari amesimama besi ya kwanza, mwenzake akipata pigo moja tu mkimbio umeingia.

Ila nakupa haki yako sehemu moja, na kwa kupimia ligi hiyohiyo. Ryan kwa maisha yake alitoa wapigaji kama 9.5 kwa straiki kila iningi tisa. Mwaka 2019 wastani wa timu ulikuwa 8.8 kwa mechi, kwa hiyo kijana wa siku hizi atakuambia 9.5 ni ya kawaida. Lakini mwaka 1973, Ryan alipotoa 383, ligi yake ilikuwa kwenye 5 hivi. Yeye alikuwa juu ya 10, mara mbili ya ligi nzima. Kwa hiyo kulinganisha na wastani hakumuui Ryan, kunampandisha kwenye straiki na kumshusha kwenye besi za bure. Vyote viwili ni yeye.

Mpenda Ryan

Nusu ya maelezo yako nimeyakubali. Nusu gani, utajua mwenyewe.

Kichuguu

Mimi nina mmoja wa mwisho. Jack Morris. ERA 3.90, ERA+ 105. Mechi ya 7 ya fainali za 1991 alirusha iningi 10 dhidi ya Atlanta, timu yake ya Twins ikashinda 1 kwa 0. Yuko kwenye Jumba la Heshima kule Cooperstown, kachaguliwa na watu wanaojua mpira. Kwa uzi huu Morris ni mtu wa kawaida?

Fundi wa Jedwali

Kwa kila iningi, ndiyo, yuko juu ya kawaida kwa kidogo. Tatizo ni kwamba watu wakisikia "wastani" wanasikia "mbovu".

Wastani wa ligi kuu ya Marekani ni wastani wa watu waliokwisha kuchujwa na kuchujwa tena. Timu nyingi hazina warushaji watano wa kuanza mechi wanaofika 100, na wakiumia anaitwa kijana kutoka ligi ndogo ambaye hafiki popote. Morris alirusha iningi 3,824 akiwa na 105. Kila iningi yake ni ile ambayo huyo kijana hakuirusha. Kwa hiyo ERA+ inakuambia alikuwa mzuri kiasi gani akiwa kichuguuni, haikuambii alisimama pale kwa muda gani. Lazima uweke namba mbili pamoja.

Jumba la Heshima ni suala jingine. Bert Blyleven alikuwa na 118 na iningi karibu 5,000, wakamzungusha miaka 14 kabla ya kumpitisha 2011. Mimi Morris nisingempigia kura. Ila ile mechi ya 7 naiangalia tena kila mwaka.

Straiki Tatu

Na kwa Rivera ni kinyume chake. 205 ni kubwa kuliko ya Grove, Pedro, Walter Johnson, wote. Lakini ni iningi 1,283, nyingi moja moja, akiingia mwishoni na mkono mbichi, akikutana na kila mpigaji mara moja. Johnson ana 147 katika iningi 5,914, akiwaona wapigaji walewale mara ya tatu na ya nne ndani ya mechi moja. Mrushaji wa mwisho mlinganishe na wa mwisho wenzake, la sivyo anakula bure jasho la wanaoanza.

Ongeza hapo na ligi yenyewe: kuanzia 1973 American ilikuwa na mpigaji wa badala anayepiga kwa niaba ya mrushaji, National warushaji wakaendelea kupiga wenyewe karibu mpaka 2022. Mrushaji akimkuta mrushaji mwenzake ameshika gongo ni kama kupumzika. Kwa hiyo unapochukua wastani, chukua wa ligi yake, usichanganye.

Msoma Namba

Nami niongeze, halafu nikale. ERA+ bado inabeba wadakaji. Wakiwa hodari, mipira mingi inadakwa na sifa anachukua mrushaji. Ndiyo maana kuna FIP, inayoangalia straiki, besi za bure, waliogongwa na mpira na homurani (pigo linalotoka nje ya uwanja) peke yake. Kama ERA+ na FIP ya mtu ikilinganishwa na ligi vinasema kitu kimoja, lala usingizi. Vikitofautiana kwa misimu mingi, hapo ndipo pa kuchimba.

Mleta uzi

Wakuu nashukuru, nimejifunza kuliko nilivyotegemea. Nimerekebisha nukta kwenye jedwali langu (Fundi, ulikuwa sahihi, zilikuwepo), nikapiga hesabu ya kurudi nyuma. ERA ya Walsh 1.82 mara 1.46 ni kama 2.66. Ya Grove 3.06 mara 1.48 ni kama 4.53. Hicho ndicho kiwango cha kawaida walichokuwa wanapimwa nacho, kwa ligi na viwanja vyao. Karibu mikimbio miwili kwa mechi inawatenganisha kabla hata hawajarusha mpira.

Nikamrudia yule jamaa wa juzi, nikamwambia nimekubali, ni 146 kwa 148, wako sare. Akacheka. Akasema: "Sawa. Na iningi?"

Walsh 2,964. Grove 3,940.

"Basi sasa ndiyo tunaanza," akaniambia.

Kichuguu

Nilisema tangu mwanzo ni Grove. 300 kwa 141. Usiku mwema.